Siku Neema Alipopimwa

Wiki iliyopita nilimsindikiza dada kliniki, Kiomboi. Mwanawe aliponing'inizwa kwenye mzani akaanza kurusha miguu na kulia, ghafla nilihisi puani harufu ya mashudu ya alizeti, chakula cha mbuzi wetu wa utotoni.

Alasiri moja, nikiwa bado mtoto, bwana mifugo alikuja kupima maziwa ya mbuzi wetu, Neema. Alikuwa na mzani kama ule wa kliniki, akautundika kwenye boriti ya banda. Mama alimwosha Neema kiwele kwa maji ya uvuguvugu, huku akimwimbia polepole kwa Kinyiramba. Wimbo ule ulikuwa wangu. Ndio alioniimbia akiwa amenibeba mgongoni.

Ndoo ilipojaa povu, ikatundikwa. Mshale ukashuka.

"Mama, huyu mbuzi ni hodari kweli," alisema bwana mifugo. "Watoto wake tutawaomba wawe mbegu."

Mama alipiga vigelegele hadi kuku wakatawanyika.

Moyo uliniuma. Nilipopimwa mimi kliniki, nesi alisema nina uzito mdogo, na mama alirudi nyumbani kimya njia nzima.

"Mjomba, na mimi nitundike," nilimwambia.

"Kwani na wewe unakamuliwa?" akauliza, wakacheka wote wawili.

Sasa najua yalipimwa maziwa tu, si mapenzi ya mama. Hata hivyo, siku ya mahafali yangu ya chuo, mama alipopiga vigelegele, nilisimama ndani ya joho nikisikiliza kwa makini kama vinafikia vile vya Neema.

Nadhani havikufika.