Santuri ya Rwegoshora

Mwaka 1956 Kiruruma nzima ilijua kwamba Placidius kapagawa na sauti. Mfanyabiashara huyo wa kutoka Muleba alijenga chumba kizima cha kusikilizia santuri, akamwaga sakafu ya saruji, akaweka spika mbili kubwa zinazokula betri ya lori. Nyasi za kutandika chini, zilizokuwamo katika kila nyumba, akazipiga marufuku. Kwake huo ulikuwa ushamba, na mbele ya mashine kama ile hakutaka kuona hata unyasi mmoja.

Jumapili moja baada ya misa alifika Bi Xaveria kutoka Rugera. Marehemu mumewe, Rwegoshora, mpiga hodari wa enanga, kinubi cha Kihaya, alirekodi santuri moja tu maishani, na Placidius alikuwa ameipata Bukoba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeanza kusahau sauti yake. Nisaidie."

Placidius akatua sindano juu ya santuri. Loo! Nyuzi za enanga zililia kama bati linalokwaruzwa. Akapunguza sauti nyembamba. Ile nene ikavimba, ikagonga kuta, ikameza maneno yote. Mjuzi wetu akazungusha vitufe huku na huku, jasho likimtiririka.

Xaveria alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. "Huyu simjui, mwanangu," akasema, akashika kifurushi chake. Placidius aliumia kuliko kama angetukanwa.

Ndipo mkewe, Deodatha, akaingia na mzigo wa nyasi mbichi.

"Baba Projest, mgeni wangu hakai kwenye saruji tupu. Kama mashine yako inaona haya, ifumbe macho!"

Akazitandika ukuta kwa ukuta, akamkalisha mama wa watu.

Placidius akarudi kwenye mashine. Akairudisha sindano mwanzo, na mara akaduwaa. Ule mwangwi haukuwapo tena. Nyasi zilikuwa zimeunywa. Akapandisha sauti nyembamba kidogo, akashusha nene kidogo, taratibu, mpaka kila uzi ukasikika peke yake. Katikati ya nyuzi hizo alikuwamo mtu mzima, anavuta pumzi, anakohoa kidogo kabla ya kuimba. Mwili ukamsisimka Placidius. Alijikuta anavua kofia, kana kwamba mzee mwenyewe ameingia mlangoni.

Xaveria hakulia. Alisogea kidogo pale kwenye nyasi, akaacha nafasi ya mtu kukaa.