Msanii wa Barabarani Anayelala Kwa Bibi

Nimekuwa mwimbaji wa roki tangu nilipomaliza kidato cha nne, na muda wote huo nimeimba habari za barabara. Nyimbo nimetunga mwenyewe, maneno na muziki, nikiwa nimekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba ya bibi yangu mzaa mama, Mkuyuni, miguu ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu. Ndani ya nyimbo hizo nimelala kwenye vituo vya mafuta, nimevuka majangwa, nimeacha wanawake wakilia katika miji ambayo hata sijui ipo mkoa gani. Nje ya nyimbo, gari la mwisho la Mkuyuni likikaribia kuondoka mjini, naanza kukata viuno vya wasiwasi jukwaani na watu wanadhani ndiyo staili.

Bendi yetu ni ya watu watatu: mimi, mpiga besi na mpiga dramu. Morogoro Mjini tumepiga kwenye baa moja, mwenye baa akatuomba tupunguze sauti watu wasikie mpira. Tumepiga kwenye mahafali, mkuu wa shule akachomoa waya mwenyewe, kwa adabu kabisa, halafu akatupa soda. Mara moja tuliitwa kwenye tamasha Dar. Asubuhi ya safari nikapata homa ambayo kipimajoto hakikuiona. Bibi akasimama mlangoni akawaambia wenzangu, "Mwacheni, wajukuu zangu. Huyu akilala ugenini hapati choo." Wenzangu waliapa kuitunza siri hiyo kwa heshima ya bendi. Mwanaroki anaruhusiwa kuwa na matatizo mengi, lakini siyo hilo.

Basi redio moja ikanihoji. Mtangazaji akaniuliza naishi wapi. Ningesema Mkuyuni, karibu na soko, yangeisha. Badala yake nikaikwaruza sauti: "Mimi sina makazi, kaka. Makazi yangu ni barabara. Leo nipo, kesho sipo." Nilirudi nyumbani nimefurahi, nikamkuta bibi amenichemshia magimbi.

Mwaka huu bibi akafariki. Sisi Waluguru ukoo wetu unafuata kwa mama, kwa hiyo mwenye neno juu ya ile nyumba ni mjomba, mwanawe mkubwa. Nilidhani hapo hakuna mjadala. Nimeishi humo tangu darasa la kwanza, na bibi nimemuuguza humo humo. Mjomba akaniita.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nilikusikia redioni."

Nikatabasamu, mjinga mimi, nikadhani ananipongeza.

"Ulisema huna makazi. Leo upo, kesho hupo. Sasa mpwa wangu, nikikuachia nyumba, hiyo kesho si nitakuta mbuzi sebuleni? Kuna mfanyabiashara wa mdalasini anataka kuikodi aweke stoo. Siku ya arobaini nitasema."

"Mjomba, ile ilikuwa sanaa."

"Sanaa ndiyo kusema uongo?"

Kwa upande wangu jibu lilikuwa ndiyo, kwa hiyo nikaaga nikaenda kutafuta fagio.

Siku zilizobaki nilifanya kila kinachofanywa na mtu mwenye makazi. Nilifagia uwanja mara tatu kwa siku. Nilipalilia migomba. Mjomba akapita, akaangalia, akasema, "Naona unaaga vizuri."

Arobaini ikafika. Dua ikasomwa, pilau ikaliwa. Wenzangu wa bendi nao walikuja, wakakaa karibu na sufuria. Ndipo watani wakaingia kazini. Mtani wetu mmoja, mama anayeuza ndizi mbele ya nyumba yetu, akaanza kumwigiza marehemu: alivyoinama, alivyokohoa, alivyowafukuza kuku. Watu wakacheka na kufuta machozi. Halafu akaingia ndani, akatoka amevaa koti langu jeusi la jukwaani, mkononi kashika mwiko kama gitaa.

Nikajua nimekwisha.

"Nilizaliwa njiaaani!" akapayuka, akitupa nywele ambazo hana. "Kitanda changu ni laaami!" Ni wimbo wangu. Ndio unaopendwa kuliko zote, yaani kuna watu wawili wanaujua. Katikati ya ubeti akakatisha, akaita kwa sauti yangu ya kudeka, "Bibiii! Maharage yameiva?" Akarukia upande wa pili, akawa bibi: "Bado, baba. Vaa soksi, kuna baridi." Akarudi kwenye mwiko: "Nimevuka majangwaaa! Bibi, nani kahamisha mto wangu?"

Watu walianguka kwa kicheko. Mpiga besi alipaliwa na pilau. Kwenye utani huruhusiwi kukasirika, nami nilikuwa nimekunja uso tayari, lakini akaigiza tena sauti ya bibi, ile ya jioni: "Njoo ule, mzururaji wangu." Ilikuwa yenyewe kabisa. Niliinuka kidogo kwenye mkeka kabla sijakumbuka.

Mjomba alikuwa anajifuta macho kwa kanzu. "Mtani, hayo ya kweli au unatuchekesha tu?"

"Mjomba, mimi nakaa pale na ndizi zangu kila siku. Huyu, hata kuku wakichelewa kurudi, yeye yupo. Barabara ipi? Barabara yake ni ya chooni na kurudi!"

Mjomba akanigeukia. Kicheko kikapungua, maana kila mtu alijua kinachofuata ni habari ya nyumba.

"Haya, sema mwenyewe mbele ya watu. Nani mzururaji hapa?"

Vijana wa jirani walikuwa wameshika simu, wanarekodi. Mpiga dramu alinitikisia kichwa taratibu: usithubutu. Ukweli ni kwamba neno moja tu lingenirudishia jina langu. Ningesema, "Mimi, mjomba," nikasimama, nikachukua koti langu, nikaondoka kuelekea barabarani kama nilivyoimba miaka yote, mdalasini ukaingia chumbani kwangu.

"Hakuna, mjomba," nikasema. "Safari siziwezi. Sijawahi kuziweza."

Nilisikia mpiga dramu akiguna. Mtani akapiga kigelegele peke yake.

 Mjomba akauliza kama paa la jikoni linavuja.

"Linavuja, mjomba. Upande wa kuni."

"Basi ulizibe kabla ya masika," akasema, akaomba aongezewe chai.