Barua Niliyoisahihisha

Daftari langu la kwanza la miaka ile lina safu tatu nilizozipiga kwa rula: Mapenzi, Msiba, Mateso. Kila riwaya niliyoisoma niliiingiza humo: nani alimpenda nani, nani alikufa, nani aliteseka na kwa kosa la nani. Safu ya tatu niliijaza kwa makini zaidi, kwa sababu nilitaka kujua waandishi wanayatoa wapi mateso. Shule nilikuwa nimeishia darasa la nne. Vitabu vilitoka katika sanduku la mbao la kisomo cha watu wazima, na kwa kuwa mlimani kwetu, upande wa Mabamba, hakuna aliyesoma kunizidi, nilipewa ufunguo wa sanduku hilo, ubao na chaki.

Riwaya moja niliihukumu vibaya. Ndani yake wapenzi wawili wanatenganishwa na barua iliyofika salama lakini ikaeleweka sivyo. Niliandika kwa wino: "Haiwezekani. Maneno yana maana yake. Mwandishi alikosa njia nyingine ya kuwaumiza watu wake."

Niliamini hivyo kwa dhati. Kiswahili changu kilikuwa kimeanza kwa aibu, na mtu aliyejifunza kwa aibu hujiona amejifunza kweli. Nilipokuwa kijana niliingia katika duka moja mjini Kibondo, la mzee mmoja mwenye asili ya pwani, nikamwambia kwa adabu, "Mzee, kesho naja Kasulu."

"Unakuja Kasulu?" Akatazama rafu zake huku na huku. "Kumbe hapa ndipo Kasulu, na mimi sina habari?"

Wateja wakacheka. Akaongeza, "Waha bwana. Mkisema mnakuja, ndipo mnapotupa kisogo."

Kwetu, kwa Kiha, kuja ni kwenda. Anayekuja ana neno lake jingine. Tangu siku ile nililing'oa neno hilo kinywani mwangu, na nilipopewa ubao nililing'oa vinywani mwa wengine. Kila aliyesema "naja sokoni" nilimsimamisha mpaka aseme "nakwenda".

Miongoni mwa wanafunzi wangu alikuwamo mke wa rafiki yangu. Nyumbani aliniita shemeji, darasani mwalimu. Mumewe alikuwa Tanga kwenye mkonge, mwaka wa pili sasa, naye alibaki na mama mkwe wake, mjane, mtu wa kifua kibovu. Darasani mke huyo hakuwa mwepesi wa kusoma.

"Mwalimu, mkono huu unajua jembe tu," alisema siku moja, kalamu ikimtoka.

Jirani yake hakumwacha. "Jembe unalijua lilipo. Mume je? Soma, mama."

Darasa zima lilicheka, naye akacheka pamoja nao, akaiokota kalamu.

Barua ilifika kiangazi, kupitia sanduku la posta la yule mwenye duka. Nilikwenda nayo nyumbani kwao. Shemeji na mama mkwe wake walikuwa uani wakipukuchua maharage. Rafiki yangu alikuwa ameiandika kwa mkono wake mwenyewe, na mistari ilikuwa michache: "Kazi ya mkonge hapa imepungua. Mwezi ukiisha naja na wenzangu. Usihangaike. Nitaandika."

Nilikuwa na tabia ya kusahihisha huku nasoma. Sikuiona kuwa tabia. Niliiona kuwa heshima kwa aliyeandika. Nikasoma kwa sauti: "Mwezi ukiisha nakuja pamoja na wenzangu."

Yule mama akaacha maharage. "Anakuja?"

"Anakuja, mama."

"Soma tena."

Nikasoma tena, na mara ya pili nikasoma vizuri zaidi.

Kabla mwezi haujaisha ikaja operesheni ya vijiji. Mlima wote uliambiwa uhamie kijiji kipya kando ya barabara. Nilihama katika kundi la kwanza, na sanduku la vitabu kichwani. Shemeji alikataa.

"Akifika akute nyumba haina watu?"

"Acha ujumbe," nilimwambia.

"Nimwachie nani? Hata wewe unahama."

Mama mkwe naye alikuwa na jibu lake: "Mimi nitahama mwanangu akifika. Atanibeba yeye." Viongozi wakawapa muda kwa sababu ya umri wake. Mwezi ukaisha, na mwingine, wakabaki wawili mlimani kati ya nyumba zilizoezuliwa.

Mvua zilipokolea kifua cha yule mama kilifunga. Zahanati ilikuwa kijijini kwetu, mwendo wa saa mbili kwa anayejiweza. Mgonjwa kwetu hubebwa kwa machela, na machela inataka wanaume wanne na wengine wanne wa kuwapokea. Mlimani hapakuwa na hata mmoja. Shemeji alishuka peke yake kutuita, akiwa ametapakaa tope mpaka magotini. Tulipofika juu yule mama alikuwa amekwisha kufa, mlango wazi, uso umeelekea njia.

Tulichimba kaburi mchana uleule. Kisha hatukuzika. Shemeji alisema mwana yuko njiani, huenda amefika Kibondo, na haifai afike akute udongo mbichi. Hakuna aliyembishia, kwa kuwa wote walijua kwamba barua niliisoma mimi. Mzee mmoja aliniuliza taratibu, "Mwalimu, ilisema mwezi upi?"

"Ule uliokwisha kitambo," nilisema.

Tulisubiri mpaka kesho yake alasiri, mvua ikijaza kaburi nasi tukiyachota maji kwa ndoo. Halafu tukazika.

Shemeji akahamia kijijini. Viwanja vya karibu na barabara vilikuwa vimegawiwa. Akapata cha mawe, juu kabisa. Akarudi kisomoni, na safari hii alisoma kama mtu anayechimba. Hakucheka tena na wenzake, nao waliacha kumtania.

Siku moja baada ya darasa alibaki. Alifungua pindo la kanga, akaikunjua ile barua, akaweka kidole chini ya mstari.

"Mwe-zi. U-ki-i-sha." Akapumzika. "Na-ja."

Akarudia neno hilo peke yake, mara mbili, safari ya pili likitoka zima, kwa lafudhi ya nyumbani.

"Mwalimu, hapa pameandikwa naja."

"Ndiyo. Nakuja. Alikosea kidogo tu."

"Hakukosea. Anasema anakwenda." Kidole kikasogea. "U-si-ha-nga-i-ke. Ni-ta-a-ndi-ka. Mtu anayekuja nyumbani, ataandika nini?"

Kama ningeisoma barua ile kama ilivyokuwa, pamoja na makosa yake yote, wanawake wawili uani wangesikia Kiha chao na kuelewa palepale. Mtu pekee ambaye hakuielewa ni yule aliyeisoma.

"Wewe ulisoma neno lako," alisema.

"Nisamehe, shemeji."

Aliikunja barua katika mikunjo yake ya zamani. "Futa ubao, mwalimu," alisema, akatoka.

Nilikwenda kulitazama daftari. Katika riwaya zangu zote mateso yalikuwa na mwenyewe: mama wa kambo, tajiri, adui mwenye wivu. Nilikuwa nimewapanga vizuri, kwa wino. Hapa hapakuwa na mtu aliyemtakia mwenzake baya. Palikuwa na mtu aliyeona haya dukani akiwa kijana. Nilishika kalamu, lakini katika safu ya tatu sikuandika kitu.

Baada ya mavuno ilifika barua nyingine, ya kutoka kusini kwenye korosho. Hiyo sikuisoma, aliisoma mwenyewe. Nilisikia kwa wengine kwamba mume aliuliza mbona hajibiwi, na kama mama hajambo.

Siku chache baadaye alikuja kwangu na bahasha na karatasi ya daftari iliyokuwa bado haijakunjwa. Anwani ilikuwa ndefu, alisema, na mkono wake ulikuwa bado mzito kwa herufi ndogo. Aliiweka karatasi mezani, nami nikaiona. Ilikuwa mistari mitatu.

"Mama amekufa. Tumehamishwa. Uje."

Kwa Kiswahili nilichomfundisha, mumewe alikuwa anaitwa nyumbani. Kwa Kiha cha nyumbani kwao, alikuwa anaambiwa aende zake. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu.

"Ndani usiguse," alisema. "Andika juu tu."

Niliandika anwani, nikabandika stempu, nikamrudishia. Nilipohamia Kasulu alikuwa bado hajapata jibu, na sikuwahi kumuuliza neno lile aliliandika kwa lugha ipi.