Tulikula Karanga Zake Tukimcheka

Barua niliyoletewa juzi na abiria aliyeshuka treni ya Mpanda imenipa habari ya msiba. Mkulima mmoja wa Kakese niliyefahamiana naye mwanzoni mwa miaka hii ya tisini amefariki. Aliugua homa siku nne, akawekwa kwenye baiskeli kupelekwa hospitali mjini, na hakufika. Aliyeniandikia ni mwalimu niliyefanya naye kazi huko. Anasema mazishi yalijaa watu, na aliyesimama kutoa salamu za rambirambi kwa niaba ya shule ni aliyekuwa mwalimu mkuu wetu, ambaye siku hizi amestaafu. Mzee huyo akautangazia umati kwamba marehemu alikuwa mzazi wa mfano, kwamba shule ilimpenda na kumheshimu, na kwamba wazazi wote wa kata wangemwiga elimu ingesonga mbele. Binti wa marehemu, ambaye sasa anasoma sekondari, alikuwa amekaa mkekani na mama yake akimsikiliza bila kuinua uso. Nilipofika hapo niliiweka barua mezani, nikatoka nje. Ilimpenda na kumheshimu! Mimi nilikuwapo. Nitaeleza jinsi tulivyompenda.

Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba kabla ya kuingia katika kazi hii ya kuandika nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Huyo bwana alinijia mara ya kwanza mwanawe akiwa darasa la kwanza. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, aliyevuka kutoka Burundi angali kijana katika mkumbo wa wakimbizi, akaoa huku na kulima mpunga na karanga huku. Kusoma hakujua. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, isipokuwa herufi ya l ilimpa taabu, kwa hiyo kwake mimi nilikuwa mwarimu. Siku hiyo nilikuwa katikati ya somo. Akasimama mlangoni ameshika kofia mkononi, na kando yake kapu limefunikwa kitenge.

“Mwarimu, naomba dakika moja tu,” akasema. “Jana mtoto amehesabu mpaka mia. Nimesikiriza mwenyewe. Hajaruka hata moja.”

Nikamwambia darasa zima linahesabu mpaka mia.

“Basi wote wapongezwe,” akajibu, akafunua kapu. Lilikuwa limejaa karanga za kuchemsha, bado zinatoa mvuke. Watoto wakashangilia mpaka nikalazimika kugonga meza kwa fimbo. Binti yake alikuwa dawati la pili. Aliuficha uso kwa viganja kwa aibu, lakini kati ya vidole niliona anacheka.

Ukawa ndio mtindo wake. Mtoto aliandika jina lake kamili bila kutazamia, baba akaja. Mtoto alibeba kidumu cha maji kichwani kutoka kisimani bila kukishika kwa mkono, baba akapita shuleni kutueleza, kana kwamba kisima nacho kilikuwa katika ratiba yetu. Alipong’oka jino la mbele tulijua. Alipotumwa dukani kwa mara ya kwanza peke yake akarudi na chumvi na kiberiti, akiwa hakusahau kimoja wala kuongeza kingine, tulijua. Alipopika ugali wake wa kwanza, ambao kwa maelezo ya baba mwenyewe ulikuwa mbichi katikati, tuliletewa karanga. Nyumbani aliwaita majirani, mama mtoto akapiga vigelegele, watu wakala wakatawanyika kurudi mashambani. Sijapata kuona mtu mzima anayefurahi kwa namna ile, bila pombe na bila kutaka aonwe.

Nasi katika ofisi ya walimu tulifanya nini? Tulimbandika jina. Tulimwita Baba Sherehe. Kapu lake likiwa limewekwa juu ya meza, kati ya chaki na madaftari, tulizitafuna zile karanga huku tukiiga anavyotembea, anavyoinamisha kichwa, anavyosema mwarimu. Mwalimu mkuu ndiye aliyekuwa hodari zaidi. Alikuwa akishika kofia yake mkononi, anabisha hodi kwenye mlango wa ofisi yake mwenyewe, kisha anasema, “Mwarimu, leo mtoto amepiga chafya mara mbiri!” Tulicheka mpaka maganda ya karanga yakatupalia. Mwalimu mmoja wa kike, mwenyeji aliyeishi jirani na huyo bwana, alituambia siku moja kwamba tuache, kwamba watoto wawili waliomtangulia binti huyo walikufa, na hakuna aliyefikisha miaka mitatu. Tukaacha. Baada ya wiki tukaendelea. Ninapoandika haya nayaona yale meno yetu yakisaga karanga, na ninaona kinyaa kuliko ninavyoweza kueleza.

Lakini kucheka si jambo lililonitoa nje nilipokuwa nasoma barua. Kuna jingine, nalo ni langu mwenyewe.

Mtoto alipofika darasa la tatu mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wake wa darasa. Mwisho wa mwaka nilisahihisha mitihani, nikajumlisha, na binti wa Baba Sherehe akawa wa kwanza. Wala hakushinda kwa bahati. Alikuwa mtoto anayerudia hesabu mara mbili kabla ya kuinua mkono. Mwaka huo, kwa mara ya kwanza, kulikuwa na zawadi: begi jekundu la mgongoni kwa mshindi wa kila darasa, na mgeni rasmi wa siku ya kufunga shule alikuwa mkubwa mmoja wa kata ambaye mwanawe alikuwa katika darasa langu hilohilo. Kijana wake alikuwa wa pili. Mwalimu mkuu aliniita ofisini, akaufunga mlango, akaitazama orodha yangu kama mtu aliyeona mdudu kwenye chai.

“Unataka mgeni rasmi asimame pale amkabidhi begi mtoto wa mkimbizi, mwanawe akiwa anatazama?” akaniuliza.

Nikasema ndivyo alama zilivyotoka.

“Alama unaziandika wewe,” akasema. Kisha akatabasamu. “Na wala usiwe na wasiwasi na yule baba. Yule si anafurahia kila kitu? Akiambiwa mtoto ni wa pili atatuletea karanga magunia mawili.”

Nilikuwa na ombi la uhamisho lililokuwa likingoja sahihi yake. Sikubishana. Nilikwenda kwenye meza yangu, nikachukua karatasi mpya, nikapunguza jumla ya binti yule kwa alama saba, nikaiandika orodha upya kwa mwandiko wangu mzuri ambao watu walikuwa wakiusifia.

Siku ya kufunga, mambo yakawa kama mwalimu mkuu alivyosema. Orodha ikasomwa mbele ya wazazi, begi likaenda kwa kijana wa mgeni rasmi, na lilipotajwa jina la binti kuwa wa pili baba yake alisimama peke yake katikati ya wazazi na kupiga makofi, mikono juu ya kichwa. Mgeni rasmi akacheka, mwalimu mkuu akacheka. Baadaye huyo bwana akanifuata nyuma ya darasa akiwa na jogoo mwekundu aliyefungwa miguu. “Wa piri, mwarimu! Katika watoto wote hawa!” Alikuwa na machozi. Nilimpokea jogoo. Nataka mjue hivyo. Nilimpokea kwa mikono miwili na kusema asante.

Binti alikuwa ameshika karatasi zake za mtihani, zile nilizosahihisha na kuwarudishia, ambazo kwa haraka ya uovu wangu sikukumbuka kuzigusa. Akasema kwa sauti ndogo, “Mwalimu, mimi nimejumlisha hizi. Jumla yangu siyo ile iliyosomwa. Imezidi kwa saba.”

Baba akanigeukia. Hakuwa na shaka yoyote usoni, alikuwa anauliza tu kama mtu anayeuliza njia kwa mwenyeji. “Mwarimu, amekosea kujumrisha?”

Jogoo alikuwa anapapatika mkononi mwangu. Nikasema, “Amekosea.”

“Mwombe mwarimu msamaha,” baba akamwambia mtoto kwa upole. Naye akaniomba. Mtoto wa miaka tisa, aliyekuwa sahihi, alipiga goti akaniomba msamaha mimi.

Jogoo yule nilimla siku ya pili yake, na alikuwa mtamu.

Shule zilipofunguliwa alikuja tena, safari hii mikono mitupu. Alinisubiri nje mpaka watoto wakaingia madarasani. Akanieleza kwamba alikuwa amempelekea katekista wao zile karatasi, naye amejumlisha mara mbili.

“Mtoto hakukosea, mwarimu.”

Nilianza kusema neno kuhusu karatasi na makosa ya kunakili. Akanizuia kwa kiganja.

“Begi rimekwenda, na riende. Sikuja kugombana na nyie. Rakini tangu siku ire mtoto hajumrishi. Ukimpa hesabu anasema hajui. Anasema yeye hukosea hata anapoona hajakosea. Mwambie yeye tu, hata pembeni, wawiri. Mwambie hakukosea.”

Katika miaka yote niliyomjua hilo ndilo ombi lake pekee. Nikamjibu kwamba nitamwambia. Kesho yake sikumwambia. Wiki ile sikumwambia. Niliogopa kwamba mtoto angemwambia mtu, mtu angemwambia mwalimu mkuu, na uhamisho wangu ungelala kwenye droo. Kila alasiri baba alikuwa akija hadi ukingoni mwa uwanja kumpokea mwanawe, akinitazama mara moja, kisha akimtazama mtoto, akajua kwamba bado. Baada ya majuma kadhaa akaacha kunitazama. Hakutuletea karanga tena, na mwalimu mkuu akalalamika ofisini kwamba Baba Sherehe siku hizi anaringa.

Kilichotokea baadaye nilikijua kwa yule mwalimu wa kike jirani yake. Baba alimfundisha mwenyewe. Yeye asiyejua kuandika hata jina lake alimwaga karanga mkekani jioni baada ya shamba, akamwambia mtoto atenge mafungu, ayajumlishe kichwani, kisha yeye baba anahesabu karanga moja moja kwa kidole kuona kama jibu ni lilelile. Mtoto akikataa hamlazimishi, anazirudisha kwenye ungo mpaka kesho. Ilikwenda hivyo karibu muhula mzima. Siku moja nilipita pale kwa baiskeli mchana wa Jumamosi, nikasikia vigelegele. Mwanamke mmoja aliyekuwa anatoka uani akaniambia huku anacheka, “Mtoto ameanza tena hesabu! Amefanya zote, hajakataa hata moja.” Baba akaniona nikiwa barabarani. Angeweza kugeuza uso, na ningemshukuru. Akasema, “Karibu, mwarimu.”

Nikasema nina haraka.

Muhula uliofuata uhamisho wangu ukatoka, nikapanda treni. Kwa hiyo mnaweza kusema nililipwa.

Miaka hiyo kila ofisa aliyekuja kwetu kutoka Sumbawanga alihutubia jambo lile lile: wazazi wa Mpanda hawana mwamko wa elimu. Tulikaa kwenye mabenchi tukiandika maneno hayo katika madaftari ya semina, tukitikisa vichwa kwa masikitiko. Mpaka leo yanaandikwa, na katika gazeti hili pia, na nadhani hata mimi nimepata kuyaandika. Mwamko huo ulikuja mlangoni kwetu kwa miguu, umevua kofia, umebeba kapu, na sisi wenye vyeti tukaona ni kichekesho. Tulipoona haitoshi kuucheka tukauibia. Na sasa umezikwa, aliyeuibia anasimama kaburini kuusifu, watu wanamwitikia, na mimi niliyeshika kalamu wakati wa kuuibia nimeketi Tabora naandikiwa barua ya pole kana kwamba nilikuwa rafiki wa marehemu. Sikuwa rafiki yake. Tusidanganyane hata msibani.

Najua gazeti hili hufika Mpanda, ingawa kwa kuchelewa. Kwa hiyo nasema hapa, hadharani, nililoombwa kusema pembeni: binti, hukukosea. Ulijumlisha sawasawa. Alama saba nilizipunguza mimi, nikijua, na wewe ulistahili kuwa wa kwanza. Simwombi mtu anisamehe, na kama ukilisoma hili ukalichana utakuwa umefanya haki. Limechelewa, na aliyeniomba niliseme hayupo tena kulisikia.

Kwa wenzangu tunaoshika kalamu juu ya maisha ya watu, walimu, makarani, maofisa, waandishi, nina neno moja nililojifunza kwa njia ya kuchukiza. Mtu tunayemdhulumu kwa urahisi zaidi ni yule anayeshukuru. Tunamwona anafurahia kidogo, tunajiambia hataona pengo, na tunaiita roho yake nzuri kuwa ni ruhusa. Anaona. Anajumlisha, anaujua upungufu wote, na anatukaribisha hivyohivyo. Usimpunguzie mtu haki yake kwa sababu unajua atakushukuru kwa itakayobaki.