Njiwa Kumi wa Shemeji Kornel

Shemeji yangu Kornel alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye maneno mengi kuliko nyama. Miaka kumi na minane alimpikia Bwana Misitu mmoja pale Tabora. Bwana huyo alipomaliza kazi akarudi kwao, alimwachia aproni nyeupe, sufuria mbili na bunduki ya marisau yenye midomo miwili. Boma wakampa karatasi ya ruhusa yenye mhuri. Tangu siku hiyo Kornel hakutembea tena kama watu. Akienda kisimani pale kwake Goweko, bunduki begani. Akienda misa, anaiegemeza ukutani nje, na padri akihubiri yeye anageuza shingo kila dakika kuona kama haijatoroka.

"Shemeji," nilimwuliza, "hivi hiyo umeitolea mahari?"

"Josepha, mdomo wako unataka kufuli."

Aliyetolewa mahari ni dada yangu Pelagia, na taabu yote ilitokana na yeye kuwa mke wa mtu mwenye bunduki.

Kwetu siku zile mama mkwe na mume wa binti yake hawakutazamana usoni wala kusemezana. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Wakiwa na neno, linapitia kwa mtu wa tatu, hata kama wamekaa hatua nne na kila mmoja anasikia pumzi ya mwenzake. Kati ya Kornel na mama yetu Koleta, mtu wa tatu nilikuwa mimi. Kazi isiyo na mshahara wala shukrani.

Mwaka mmoja baada ya watoto wa shule kugawiwa vikombe vya kutawazwa Malkia wa Uingereza, Pelagia alikuja kwetu Kigwa kumsaidia mama kuvuna mtama. Kornel akaja kumsalimia mkewe, bunduki begani. Akamwona njiwa ametua juu ya ua wa bafu. Watu walikuwepo wa kumtazama, basi akapiga. Njiwa akaenda zake. Mtungi wa wanzuki uliokuwa karibu na ua ukapasuka, pombe ikamwagika yote. Na mama, aliyekuwa ndani anaoga, akatoka mbio na povu kichwani, kanga ameishika mahali pasipohitaji kushikwa, akasimama uso kwa uso na mkwewe.

Wakatazamana. Nadhani hata njiwa aligeuka kutazama.

Wazee walipokutana, walisema Kornel alipe mbuzi. Mama, akiwa nyuma ya mlango, akakataa.

"Josepha, waambie mbuzi ni wa mtu aliyekosa kwa bahati mbaya. Huyu alikuja kujionyesha. Alete njiwa kumi, wa kuliwa, na awapige kwa bunduki hiyo hiyo. Tukimaliza kupura mtama hajaleta, Pelagia habaki kuwa mke wake. Ng'ombe wake nitamrudishia."

Kornel alikuwa amekaa nje, mgongo kwetu.

"Mwambie mama nimesikia," akasema.

"Amesikia, mama."

"Nimemsikia kuwa amesikia! Mwulize kama ameelewa."

Alikuwa ameelewa. Kornel alikuwa mtu wa majigambo, lakini alimpenda Pelagia kuliko bunduki, ila hakuna aliyewahi kumsikia akisema, maana majigambo yalikuwa yamejaza nafasi yote.

Basi kesho yake tukapanda treni kwenda Tabora, yeye kutafuta risasi, mimi kutafuta chumvi. Karatasi yake ilimruhusu boksi moja tu kwa mwaka, risasi ishirini na tano. Dukani kwa Bwana Kassamali kulikuwa na wanaume wengi wanaopiga soga.

"Namba ngapi?" Kassamali akauliza.

"Namba?"

Kassamali akaweka maboksi matatu mezani. "Namba moja, namba sita, namba tisa. Unapiga nini?"

Kornel akawatazama wale wanaume. Miaka yote alikuwa anawasimulia habari za pofu na nyati. Aseme njiwa?

"Wanyama," akasema.

"Wanyama gani?"

"Wa porini."

Kisha akaniinamia sikioni. "Josepha, wewe umesoma. Ipi?"

Mimi nilifika darasa la nne, na barua zangu za maendeleo mama anazo mpaka leo. Sikusita. "Shuleni namba moja ndiye anayepewa zawadi. Namba tisa anaambiwa aongeze bidii."

Kornel akapiga meza. "Namba moja!"

Kassamali akaniangalia, akamwangalia Kornel, akafunga boksi kwa gazeti. Mwenye duka hagombani na mteja.

Tuliporudi Kigwa, njiwa walikuwa wamejaa kwenye mabua karibu na uwanja wa kupuria. Kornel akapiga ya kwanza. Wakaruka wote, wazima. Ya pili, wazima. Ya tano, wazima, na nilianza kuona kama wanazunguka makusudi ili wapigwe tena. Mpaka ya kumi na nne, ambayo aliipiga karibu mno, ndipo kikaanguka kitu. Tukakimbilia. Yalikuwa mabawa mawili na manyoya ya kutosha. Katikati hapakuwa na njiwa.

Nikampelekea mama.

"Mwambie niliomba njiwa," mama akasema kwa sauti ya kufika mpaka stesheni. "Mto wa kulalia ninao."

Kornel akakaa chini, akachukua kisu, akakata risasi moja, akamimina marisau kiganjani. Akayatazama. Akachukua punje ya mtama, akaiweka pembeni yake. Sawasawa.

"Shemeji," akasema polepole, "marisau niliyokuwa nayatoa kwenye njiwa wa Bwana yalikuwa madogo kama uwele."

"Na kwa nini hukumwambia Kassamali unataka ya uwele?"

"Aliniuliza namba. Hakuniuliza nafaka!"

Ndipo tukaelewa. Namba ikipanda, punje inashuka. Haya makubwa yanakuwa machache ndani ya risasi, yanaacha nafasi, na njiwa anapita katikati kama mtu anayepita mlangoni. Yakimpata kwa karibu, hayabakizi kitu. Niliomba radhi? Sikuomba. Nilisema tu kwamba waliopanga namba hizo hawakusoma shule moja nami.

Zilibaki risasi kumi, maana moja ameikata, na kibali cha mwaka kimekwisha. Mtama uliobaki ulikuwa wa kupura siku mbili. Pelagia alikuwa anapura na wenzake, lakini nilimwona anapiga taratibu sana. Mama naye alimwona.

"Pelagia! Unapura au unabembeleza?"

Jioni ile Kornel alikumbuka Shilinde, mlinzi aliyewekwa kufukuza nguruwe pori kwenye mashamba ya tumbaku huko Goweko. Alfajiri akaenda. Alimkuta Shilinde amenuna kuliko yeye. Shilinde alikuwa amenunua namba sita, kwa hesabu yake mwenyewe: sita ni nyingi kuliko moja.

"Nguruwe wangu nikiwapiga wanajikuna," Shilinde akasema. "Jana mmoja alirudi, nadhani alipenda."

Wakabadilishana, kumi kwa kumi, kila mmoja akiamini kwamba amemlalia mwenzake.

Siku ya mwisho ya kupura, Kornel hakusimama kujionyesha. Alijilaza ndani ya rundo la mabua, akajifunika, akangoja njiwa wafike umbali wa kurusha jiwe. Risasi ya kwanza wakaanguka wawili. Ya tatu akakosa. Ya nne mmoja, ya tano wawili. Wanawake waliacha kupura, wakawa wanahesabu kwa sauti kama watoto wa darasa la kwanza. Alipobakiwa na risasi moja, njiwa walikuwa tisa. Pelagia hakuhesabu. Alikuwa amefumba macho, fimbo ya kupuria mkononi. Mlio ukasikika, na njiwa wa kumi akaangukia kwenye ungo wake.

Kornel akavaa aproni. Mwanamume, ukweni, anapika! Wanawake walicheka mpaka wakakaa chini. Yeye akawanyonyoa njiwa mmoja mmoja, akawapapasa kwa ncha za vidole. Palipo na tundu, unyoya umeingia ndani; akiuvuta, punje ya marisau inatoka nao. Akazipanga kwenye kifuniko cha sufuria. Pelagia alisimama mlangoni anatazama ile mikono.

Mama akala ndani. Kornel akakaa nje, mgongo mlangoni. Mama alitafuna kama mtu anayetafuta sindano. Njiwa wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Wa tatu: *ting!* kwenye sahani.

"Josepha, mwambie ameacha moja."

"Mwambie mama nimetoa sitini na tatu!"

"Mwambie sikuuma sitini na tatu, nimeuma hii!"

Wote wakanisubiri mimi. Lakini mimi nilikuwa na paja zima mdomoni, tena lilikuwa tamu, siwezi kulitema kwa ajili ya watu wazima wasioweza kusema wenyewe.

Mwisho Kornel akazungumza na ua ulio mbele yake. "Mama, nisamehe. Sijui kulala kule nyumbani peke yangu."

Mama akameza. Hakunitazama mimi.

"Chumvi umepatia," akasema.

Pelagia akatoka na mzigo wake tayari umefungwa, jambo lililonijulisha kwamba aliufunga tangu asubuhi. Akamtwika Kornel mzigo kichwani, yeye akachukua bunduki, wakashika njia ya stesheni, mume na aproni yake bado imemning'inia.

Nilisikia baadaye kwamba ndani ya treni mkata tiketi aliuliza bunduki ni ya nani. Kornel, mwenye karatasi ya Boma mfukoni, alijibu bila kufikiri:

"Ya mke wangu."