Sasa Hivi ya Nani?

Andika, Zawadi, na usinirekebishe maneno. Mimi ni Monika, binti wa Pius na Bernadeta, niliyezaliwa milimani juu ya Mkuyuni, katika nyumba iliyotazama bonde la mto. Shule sikuiona. Haya nayasema kwa ajili yako, mjukuu wangu, na vijana wenzako wa kiwandani, mnaobishana kila kukicha kuhusu ghala la kwenye kompyuta la kutunzia vipimo vya mitambo, na jambo la maana hamjaulizana.

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, nikiwa msichana. Kwetu habari za mto zilishuka kwa midomo: aliyeko juu aliita, wa mteremko wa chini akapokea na kuita tena, hadi kwenye kivuko. Asubuhi hiyo sauti ilitufikia, "Maji yamejaa sasa hivi." Kaka yangu Kosmas ndiye aliyepaswa kupokea. Akamaliza kwanza muhogo wake, akajifuta mikono, kisha akaita vilevile alivyosikia, "Maji yamejaa sasa hivi." Wanawake wa kivukoni wakadhani kwamba maji ndiyo kwanza yanaanza safari kutoka juu, na kwamba wanao muda wa kuvuka. Mama mdogo alikuwa katikati ya mto yalipomkumba. Alitolewa hai, ameng'ang'ania mzizi, lakini goti lake halikukunjika tena.

Mjomba wetu, kaka yake mama, ambaye kwetu Waluguru neno lake lilikuwa zito kuliko la baba, alimwita Kosmas mbele ya wote.

"Sasa hivi ya nani?"

"Mjomba, mimi nimesema nilivyosikia."

"Sasa hivi ya aliyeona ilikwisha wewe ukitafuna. Maji yalijaa yalipojaa, hayakukungoja umeze. Kuanzia leo neno hilo nisilisikie. Anayeita aseme jua lilikuwa wapi maji yalipoonekana, na anayepokea alipeleke jua hilo hilo, asiweke la kwake."

Tukafanya hivyo, na aliyesahau alitaniwa kwa kuulizwa kama ameshiba muhogo.

Sasa nije kwako, mwanangu. Umenieleza mwenyewe hapa Mafiga, ukila wali wangu, kwamba katika kiwanda chenu cha sukari joto la beringi za mtambo wa kukamulia miwa hupimwa bila kukoma na kutumwa ghalani kwa mtandao. Mtandao ukakatika wakati wa zamu ya usiku. Uliporudi asubuhi, vipimo vyote vya usiku vikaingia kwa mkupuo, na ghala likaviandika kuwa vyote ni vya asubuhi. Beringi ikaungua. Leo Fundi Selemani, aliyepokea zamu asubuhi hiyo, anaambiwa joto lilipanda mikononi mwake, na kazi yake inaning'inia. Ghala lenu limesema sasa hivi, kama Kosmas.

Nilikuuliza kama lipo ghala lisilofanya hivyo.

"Lipo, Bibi. Linaandika saa ya kupima, na kipimo kilichochelewa linakirudisha mahali pake. Ila kwenye majaribio limezidiwa kasi na lile jingine, linaloandika saa ya kupokea, na mabosi wamelipenda lile jingine."

"Kasi ya kwenda wapi?"

"Ya kupokea vipimo vingi kwa mara moja."

"Na mitambo yenu inatoa vingi kiasi hicho?"

Ukacheka. "Hata nusu haifiki."

Hapo ndipo subira iliponiishia. Jibu unalo, umelikalia kama kuku anayeatamia, kisha unakuja kwangu kunywa chai na kusema bado mnatathmini.

Sikilizeni basi. Kabla hamjauliza ghala linameza kwa kasi gani, ulizeni linamfanyia nini aliyechelewa kufika. Ulizeni kama linatunza kila kipimo kilivyokuja, au linaviponda vyote kuwa wastani na kutupa vilivyobaki. Ukichanganya saa moja ya mafuriko na siku nzima ya utulivu, mama mdogo wangu hazami popote. Mtu atahukumiwa kwa yatakayotoka humo. Chagueni mkimfikiria huyo, msimfikirie bosi anayetazama majaribio.

Mungu akupe ulimi usiotetemeka kikaoni mtakapochagua ghala, akuzidishie akili aliyokupa, na akujalie wajukuu wasiokuchosha kama unavyonichosha.

Kuhusu vya kutunza: karatasi hii ukiipoteza sitalia. Lakini kile kisanduku kilichofungwa kando ya mtambo, ulichosema kina saa yake chenyewe na bado kimeshika vipimo vya usiku ule hadi vipya vitakapovifuta, hicho usikiache. Nakili yaliyomo, saa zikiwa kama zilivyo. Nakala moja mpe Selemani mkononi, nyingine ubaki nayo. Na usinijibu kwamba utafanya sasa hivi. Nitajie saa.