Sufuria ya Mechi ya Kwanza

Jumamosi iliyopita nilikuwa nimetandika jezi zangu nje ya kile kibanda cha kutazamia mpira cha Huruma, cha mabati ya bluu, msimu wa Uingereza ukifunguliwa. Asubuhi biashara ilikuwa tamu. Vijana walibishania jezi nyekundu hata kabla sijazikung'uta, na mimi, ambaye tangu nianze kuuza mitumba sijawahi kutaja bei ya kweli mara ya kwanza, nilitaja bei iliyoniaibisha mwenyewe. Wakalipa. Jioni timu yao ikiwa imechapwa nyumbani na wageni waliopanda ligi juzi, jezi ile ile ungemvika mtu angeivua kama ina siafu. Mmoja alikuja kuniuliza kama narudisha pesa. Nikamwambia, "Kijana, mimi nauza nguo. Matokeo muulize kocha."

Lakini si hayo niliyotaka kukwambia. Walionichoma moyo ni vijana wawili waliotoka mlangoni wakila chipo kutoka karatasi moja. Marafiki, wale wa kila siku, nawajua kwa sura. Mara mmoja akavuta karatasi upande wake.

"Buda, acha hizo chipo."

"Kwani nini?"

"Si wewe ndio ulikuwa unasema kocha apewe muda? Haya, nenda kule. Acha chipo zangu."

"Na soseji ni ya nani?"

"Chukua soseji yako uende nayo!"

Wakasimama pale, watu wazima wenye ndevu, wakigawa kwa kijiti cha meno: chipo huku, soseji kule. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mimi nilishindwa kucheka. Nilirudi kukunja jezi ambazo tayari nilikuwa nimezikunja.

Kwa sababu hapo kibanda kiliposimama, kama hujui, ndipo goli la juu lilipokuwa. Na hapo nilipotandika mitumba yangu, ndipo sufuria ilipotenganishwa.

Utotoni mwangu huku nyuma ya nyumba za kupanga kulikuwa na uwanja. Nasema uwanja kwa heshima tu. Ulikuwa kipande cha udongo mwekundu kilichoinama, hivi kwamba timu iliyocheza kuelekea chini ilikuwa na mchezaji wa ziada, na huyo mchezaji alikuwa mteremko. Mtaa mzima ulikuwa na timu moja. Fundi wa baiskeli, mwenye duka, kijana wa kubeba magunia, wote walikuwa mle. Nusu yetu tulikuwa watoto wa watu waliokuja kutoka Mkoa wa Kati kutafuta shamba na duka. Nusu walikuwa wenyeji wa hapa Uasin Gishu, walioacha ndugu zao na ng'ombe kule Kesses wakaja mjini kutafuta kazi. Tuliishi ukuta kwa ukuta. Mtoto akikohoa chumba cha tatu, nyanya yangu alijua ni nani na alikula nini.

Mechi ya kufungua msimu ilikuwa na desturi yake. Siku hiyo mtaa ulipika githeri ya sufuria moja. Mahindi yalitoka kwa jirani yetu mmoja, mwenyeji, mama mpana mwenye sauti ya taratibu, ambaye shamba la kwao lilimfanya aitwe Mama wa Mahindi na kila mtu, hata mumewe. Maharagwe yalitoka kwa nyanya yangu, aliyekuwa na meza ya nafaka sokoni. Sufuria ilikuwa ya Mama wa Mahindi, nyeusi, kubwa kiasi kwamba mimi niliogeshwa ndani yake nilipokuwa mdogo. Gorogoro kwa gorogoro, lile kopo la kupimia nafaka, wanawake hao wawili walipima mbele ya macho ya kila mmoja, kisha wakapima tena, si kwa kutoaminiana bali kwa sababu walipenda kubishana. "Gorogoro yako ina tumbo," nyanya angesema. "Na yako imekonda kama mwenyewe," angejibiwa. Kazi yangu ilikuwa kuchagua maharagwe kwenye sinia, kutoa mawe na yaliyooza, na mpaka leo nikifumba macho nasikia yale mawe madogo yakigonga kopo.

Na sheria ilikuwa hii: mpira ukiisha, tumeshinda au tumeshindwa, hakuna kuongea habari za mechi mpaka sufuria iishe. Nyanya ndiye aliyekuwa mlinzi wa sheria hiyo, na mwiko ulikuwa mkononi mwake. Mtu akianza, "Lakini yule refa..." alisukumiwa sahani ya moto mdomoni. Nimewahi kuona mzee mzima akitafuna kwa hasira, machozi yakimtoka, kwa sababu alikuwa na neno juu ya kipa na hangeweza kulisema. Na alipomaliza sahani ya pili, neno lilikuwa limepoa. Nyanya alikuwa na msemo wake mwenyewe: "Mwenye njaa hana maoni, ana kelele." Timu ile, nakwambia, ilishikiliwa na ile sufuria kuliko ilivyoshikiliwa na Mwalimu aliyekuwa kocha wetu.

Maskini Mwalimu. Alifundisha hesabu shule ya msingi, na alitaka kupanga timu kwa ufundi. Wazee wa timu wakamwambia asiwaletee shida. Timu ipangwe kwa usawa. Basi kila mechi ya kwanza ilikuwa hivi: watano wa kutoka Kati, watano wenyeji, na kipa kutoka upande wa ziwa ambaye hakuwa wa upande wowote, kwa hiyo alilaumiwa na pande zote mbili. Mshambuliaji wetu mkali kuliko wote, kijana wa gereji, alikaa benchi kwa sababu nafasi za upande wake zilikuwa zimejaa. Mimi mwenyewe nilihesabu kikosi kilipoingia uwanjani, na nikahesabu tena. Watano, watano, na kipa. Watu walipiga makofi kwa hiyo hesabu kabla mpira haujaguswa.

Mwaka ninaousema tulifungua msimu na vijana wa Moi's Bridge. Walikuja nyuma ya lori la mahindi, mapaja yao kama magogo, wamezoea kubeba magunia tangu wakiwa darasa la tano. Nyanya aliwasha moto alfajiri, kuni na magunzi, moshi ukaingia vyumba vyote. Lakini kulikuwa na tatizo ambalo ni wanawake wawili na mimi tu tuliolijua. Mahindi ya mwaka ule yalikuwa magumu. Yalikuwa yamekaa ghalani muda mrefu, na ijapokuwa yalilowekwa usiku kucha, saa sita mchana ukiyauma yalikuwa bado yanakuuma. Mama wa Mahindi aliongeza magunzi. Nyanya aliongeza maji. Waliangaliana, wakaongeza maombi.

Mechi haikungoja sufuria. Tulifungwa bao la kwanza kabla watu hawajapata mahali pa kusimama. Kisha kipindi cha pili, sisi tukicheza kuteremka, kijana wetu akaangushwa ndani ya boksi. Penalti! Uwanja ulilipuka. Mwalimu alinyoosha kidole kwa mtoto wa Mama wa Mahindi, mtu mtulivu ambaye mazoezini hakuwahi kukosa. Lakini mpira ulikuwa tayari kwapani mwa mjomba wangu, mwana wa mwisho wa nyanya, na mjomba wangu kitu kikiingia kwapani mwake kutoka ni shida. Mwalimu akapiga kelele. Mjomba akajifanya haisikii lugha hiyo.

Aliupiga. Mpira ulipita juu ya mwamba, ukapita juu ya ua, ukaanguka kwenye sukuma wiki za mtu. Baada ya hapo Moi's Bridge walitufunga mawili zaidi, polepole, kama watu wanaopakia lori.

Filimbi ilipolia nilimwona nyanya akichovya mwiko, akatoa punje moja ya mahindi, akaitia mdomoni. Akaitema. Maharagwe yalikuwa yameiva vizuri kabisa, laini, yanapasuka. Mahindi bado.

Wewe fikiria. Watu wote wale, wamefungwa tatu, wana njaa, na hakuna cha kuwaziba midomo. Nyanya alisimama mbele ya moto akisema, "Bado kidogo, watu wangu, ngojeni kidogo tu," na sikuwahi kumsikia akiomba kabla ya siku ile. Alijua. Ile timu, na ule ujirani wa ukuta kwa ukuta, vilikuwa vinangoja mahindi yalainike.

Hawakungoja.

"Penalti ilikuwa ya nani? Semeni, ilikuwa ya nani?"

"Muulize huyo wenu, anadhani goli ni rafu ya juu ya duka!"

"Nyinyi je? Mnajua kukimbia tu, mpira mnauacha nyuma!"

"Na kijana wa gereji aliwekwa benchi na nani?"

"Na haya mahindi, mnatulisha mawe?"

Hilo la mwisho lilitoka upande wetu, na lilimgusa Mama wa Mahindi usoni, nililiona likifika. Alikuwa amechangia yale mahindi kutoka ghala la watoto wake. Mumewe akaja, na wanaume wengine wawili wa upande wao, wakasema kwa sauti ya kila mtu asikie, "Mama, chukua sufuria yako twende."

Mama wa Mahindi alimtazama nyanya. Nyanya alimtazama yeye. Nafikiri kila mmoja alikuwa anangoja mwenzake aseme jambo la gorogoro yenye tumbo, wacheke, yaishe. Ilikuwa rahisi hivyo. Lakini mtu mmoja nyuma alipiga mluzi, mwingine akatukana, na nyanya yangu, ambaye alikuwa na kiburi cha mwanamke aliyelea watoto sita peke yake, akasema, "Sufuria ni yake. Mahindi ni yake. Maharagwe ni yangu. Ngojeni niyatoe."

Watu walidhani anatania. Akakaa kwenye kigoda, akaniita nilete sinia, akaanza. Kijiko, anapuliza, anachagua. Haragwe kwenye sinia, punje kwenye sufuria. Nilikaa karibu naye nikachagua pia, vidole vikiungua, kazi ile ile niliyoifanya jana yake nikitoa mawe.

Kisha Mama wa Mahindi akavuta kigoda chake, akakaa upande wa pili, naye akaanza kuchagua.

Nakwambia kelele zilikatika. Wanawake wale wawili walikaa magoti yakigusana juu ya sufuria, kama walivyokaa miaka yote, mikono yao ikipishana bila kugongana kwa sababu ilikuwa inajuana. Ungepita njia ungesema hawa ni marafiki wanapika. Walikuwa wanatenganisha. Mara moja tu ndiyo Mama wa Mahindi alisema kitu, kwa sauti ndogo: "Na supu?"

Nyanya hakuinua macho. "Supu chukua."

Tulikula maharagwe yale siku tatu. Yalikuwa na ladha ya mahindi, na hakuna aliyethubutu kusema.

Msimu uliofuata kulikuwa na timu mbili, kila moja ikidai kuwa ndiyo ile ya kweli. Zilipangiana siku za uwanja, zikagombania siku, zikapelekana kwa chifu, na wakati zikiwa bado kwa chifu mwenye ploti akaja na nguzo na seng'enge. Leo kuna maghorofa manne, kinyozi, kibanda cha mpira, na mimi. Mwalimu aliomba uhamisho. Mjomba yuko Nakuru, na mpaka leo ukitaja penalti anaongeza sauti ya redio. Nyanya na Mama wa Mahindi walisalimiana kwa miaka mingi, salamu za barabarani, za watu wanaotembea. Kisha Mama wa Mahindi akarudi shambani Kesses, na hata hizo zikaisha.

Nyanya alipofariki, tulikodisha hema na watu wa kupika. Pilau, sahani za kutupa, maji ya chupa. Watu walikuwa wameshaanza kula wakati pikapu ilipoingia, na mtoto wa Mama wa Mahindi, sasa mwanamume mwenye kipara, akamshusha mama yake kwa kumshika kiuno. Nyuma ya pikapu kulikuwa na nusu gunia la mahindi, na sufuria. Ile ile. Imesuguliwa mpaka ikang'aa upande mmoja.

"Maharagwe yako wapi?" aliuliza.

Hakuna aliyeelewa isipokuwa mimi. Nikamwambia, "Mama, chakula kimeshapikwa." Akatazama hema, akatazama sahani za kutupa, akaitikia kwa kichwa. Nilimletea pilau. Hakuigusa.

Alikaa nami pembeni mpaka wachimbaji walipomaliza kufukia kaburi. Ndipo akaniuliza, "Yale maharagwe ya siku ile, mlikula?"

"Tulikula, Mama."

"Yalikuwa yameiva?"

"Yalikuwa yameiva."

Akafuta vumbi kwenye kirungu cha fimbo yake.

"Mahindi yalikataa kuiva," akasema. "Niliyachemsha mpaka kesho yake."

Kisha akamwita mwanawe, akamwambia aifunge ile sufuria kwa kamba, isije ikabingirika njiani.